Umbali wa Mgonjwa Hupimwa kwa Saa

Kutoka uwanja wa ndege wa Grise Fiord hadi ule wa Resolute Bay, kaskazini ya mbali ya Kanada, ni kilomita zipatazo 390 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo aina ya Twin Otter, yenye kasi ya takriban kilomita 270 kwa saa, humaliza mwendo huo kwa saa moja na nusu. Kwenye ramani, safari hiyo ni fupi. Kwa mgonjwa aliyelala katika kituo cha afya cha Grise Fiord, hesabu hiyo ni pungufu, na kuitegemea ni hatari.

Katika jimbo la Nunavut hakuna barabara inayounganisha mji na mji. Hospitali pekee ya jimbo ipo Iqaluit, kilomita 1,500 hivi kusini mwa Grise Fiord. Uwanja wa kijiji hicho ni mfupi na wa changarawe, nao umebanwa na milima. Ndege ikiitwa kutoka Resolute Bay, saa moja na nusu hupita kabla mgonjwa hajapandishwa. Kurudi huchukua muda kama huo, kisha hufuata takriban saa tatu za ndege ya pili hadi Iqaluit. Jumla ni saa sita angani, endapo ukungu na dhoruba ya theluji havikuizuia ndege.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT-Scan. Kwa mgonjwa huyo, muda huo umekwisha angali njiani.

Ndiyo maana wajawazito wengi wa Nunavut huondoka makwao wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Gharama yake ni kubwa: mama hujifungua mbali na watoto na wazazi wake. Hata hivyo, utaratibu huo unakiri ukweli mmoja, kwamba anayesubiri dalili za hatari ndipo aite ndege amekwisha kuchelewa.

Wapo wanaosema kuwa rufaa za mapema hupoteza fedha na viti vya ndege. Hoja hiyo ina uzito pale hospitali ilipo jirani. Palipo mbali, saa za safari zinastahili kuandikwa katika jalada la mgonjwa kama inavyoandikwa shinikizo la damu, naye pamoja na ndugu zake waelezwe saa hizo bila kufichwa.

Mwaka 1994, Thaddeus na Maine walieleza ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: wa kuamua kutafuta huduma, wa kukifikia kituo, na wa kupata tiba kituoni. Mhudumu hawezi kuituliza dhoruba wala kurefusha uwanja wa ndege. Uamuzi wa kutoa rufaa, hata hivyo, umo mikononi mwake, nao hauhitaji ndege ili ufanywe mapema.