Andika Jina Kwenye Chupa, Usione Haya



Wako wengi kati yetu walioolewa visiwani, kisha kazi ikawapeleka bara, mpaka kwenye baridi ya Mbeya na Iringa. Huko hakuna bibi wala mama mdogo wa kumwachia mtoto. Likizo ya uzazi kwa sheria ya kazi ya bara ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua pacha. Zikiisha, mtoto hata miezi mitatu hajafika anapelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto, na maziwa ya mama yaliyokamuliwa yanamfuata kwenye mfuko.

Ndani ya friji la kituo chupa zote zinafanana. Mlezi ni mmoja, wanaolia ni wengi. Ukiomba kila chupa iandikwe jina, unaweza kujibiwa, "Maziwa ni maziwa tu, mama." Tunaona haya, tunanyamaza. Sisi tunasema hapa si pahala pa kuona haya.

Kwetu maziwa ya mama yanajenga undugu. Suratun Nisaa, aya ya 23, imewataja mama na dada wa kunyonya miongoni mwa wasiooleka. Kwa madhehebu ya Shafi'i, tunayoyafuata wengi wetu, mtoto asiyetimiza miaka 2 akinywa maziwa ya mwanamke mara 5 mbalimbali, huyo amekuwa mama yake, na watoto wake ni ndugu zake. Kunywa kwa chupa hakuondoi hukumu. Chupa zikibadilishana wiki nzima, hizo mara 5 si nyingi.

Undugu huo si aibu, ni neema, maadamu unajulikana. Balaa ni usipojulikana. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Uqba bin al-Harith alikwisha kuoa ndipo mwanamke mmoja akaja kusema amewanyonyesha yeye na mkewe. Alisafiri kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjika. Bibi harusi unayesoma hapa, fikiri habari kama hiyo ikufikie hina ingali mbichi mkononi.

Basi tufanye hivi. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko peke yake, maana vifuniko huchanganyika vikioshwa. Aisha ni wengi; andika na jina la baba. Ongeza tarehe na saa ya kukamua, na useme kama ni maziwa ya mama au ya kopo, kwani ya kopo hayaleti undugu. Tumia kalamu isiyofutika na maji. Kikombe na kijiko navyo viwe na jina. Makosa yakitokea, mwombe mlezi akwambie bila kuficha: alikunywa ya nani, mara ngapi. Liandike, mjuane na mama huyo, kisha mumuulize sheikh.

Tena sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kwenda kumnyonyesha mwanawe. Ziombeni, ni haki yenu.

Mlezi mwambieni kwa upole, hata kama si Muislamu. Akielezwa sababu, ataelewa.

Allah atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.