Bastola haina mahali katika mkoba wa mwalimu

Jirani yangu mmoja hapa Malindi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni moja alinijia nyumbani akiwa na barua mkononi. Alikuwa amehamishiwa shule iliyo upande wa Lamu, na njia ya kwenda huko ni ile ipitayo Garsen na Witu, ambako mabasi yamewahi kushambuliwa na watu wenye bunduki. Alikunywa chai kimya kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Daktari, nikiomba leseni ya bastola, hii presha yangu itanizuia?"

Mimi ni tabibu, si wakili. Nilimwambia kwamba habari ya presha tutaizungumza, lakini kwanza anieleze bastola hiyo ataiweka wapi akiwa darasani.

"Itakuwa imefichwa," akasema. "Hakuna atakayejua."

Neno hilo "imefichwa" ndilo lililonikosesha usingizi usiku ule, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kabla ya yote, nakiri kwamba hofu ya mwalimu huyu si ya bure. Mnamo Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa. Baada ya mauaji hayo, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka eneo hilo, na maelfu ya watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mtu wa kuwafundisha. Mtu asije basi akamwambia mwalimu anayepanda basi la Lamu kwamba anaogopa kivuli chake.

Swali ni je, bastola ndiyo dawa ya hofu hiyo? Sisi watu wa afya tumezoea kuuliza maswali mawili kabla ya kumpa mgonjwa dawa yoyote. Itamsaidia? Na madhara yake je?

Tuanze na sheria. Umiliki wa bunduki nchini Kenya husimamiwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Hapa kwetu bunduki si haki ya kila raia, bali ni ruhusa. Mwombaji hana budi kuonyesha kwamba ana sababu nzuri ya kuhitaji silaha. Sheria hiyo inakataza cheti kupewa mtu mwenye mazoea ya ulevi, mtu asiye na akili timamu, au mtu ambaye kwa sababu yoyote ile hafai kukabidhiwa silaha. Mwenye cheti naye analazimika kuihifadhi silaha yake mahali salama wakati wote. Mtu akipatikana na bunduki bila cheti, anaweza kufungwa kwa miaka mingi. Mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru wenye leseni wote wapigwe msasa upya, jambo linaloonyesha kwamba hata aliyekwisha kupewa ruhusa hiyo anaweza kupokonywa.

Ndani ya sheria hiyo hakuna kifungu kinachompa mwalimu, bawabu wala mpishi wa shule haki ya pekee ya kubeba bastola kazini kwa sababu tu anafanya kazi shuleni. Wako wanaoliona jambo hili kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa kinga. Tena nasema kinga hiyo ingeimarishwa zaidi kwa kuandika waziwazi kwamba mfanyakazi wa shule, hata awe na leseni halali, haingii nayo silaha yake katika uwanja wa shule.

Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na mkoba.

Mkoba wa mwalimu wa Kenya si kitu cha siri. Asubuhi mwalimu akionekana langoni, watoto wawili au watatu hukimbia kumpokea. Mmoja huchukua madaftari, mwingine hubeba mkoba, naye aliyekosa hununa. Saa nne mwalimu humwambia mtoto, "Hebu niletee kalamu nyekundu, imo ndani ya mkoba wangu." Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa, na ni jambo jema. Lakini ikiwa ndani ya mkoba ule mna bastola, atakayeigusa kwanza ni mtoto wa darasa la nne.

Labda utasema ataivaa kiunoni. Msomaji wa Malindi au Kilifi anajua joto letu la Februari. Mwalimu huvaa shati jepesi, huinama kumwelekeza mtoto kuandika, huinua mkono kufuta ubao, na wakati wa michezo hukimbia uwanjani pamoja na wanafunzi. Bastola itafichika vipi? Watoto wana macho. Hata siku mbili hazitapita kabla ya darasa zima kujua, na mtoto akishajua kitu kimefichwa, hatulii mpaka akione.

Sasa niseme habari ya jeraha lenyewe. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Mtoto wa kilo 25 hana hata lita 2. Risasi haipiti mwilini kama sindano. Hupasua mishipa, huvunja mifupa na kuharibu nyama iliyo kandokando ya njia yake. Ikimpata mtoto tumboni au kifuani, uhai wake hutegemea mambo matatu: gari, damu ya kuongezewa na daktari wa upasuaji, vyote vipatikane upesi. Anayejua barabara za Ganze, Bamba au Magarini wakati wa mvua za masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawapendi kuitaja. Walimu ni binadamu. Wana mikopo, wana wagonjwa nyumbani, huhamishwa mbali na familia zao, na wengi hubeba huzuni bila kumwambia mtu. Mawazo ya kujiua mara nyingi huja kama wimbi, hupanda kwa kasi kisha hushuka. Aliyenusurika wakati wimbi limepanda, aghalabu huishi. Lakini bastola haimpi mtu nafasi ya kujuta. Ndiyo maana wataalamu wa afya ya akili duniani kote hushauri vifaa vya kuulia viwekwe mbali na mtu aliye katika dhiki. Hata askari, waliofunzwa na kuchujwa, hawakuepukana na balaa hili. Desemba 2021 huko Kabete, Nairobi, afisa mmoja wa polisi alimuua mkewe kwa bunduki, akatoka nje akaua watu wengine, kisha akajiua.

Na hasira je? Tangu mwaka 2001 kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia kwamba mwanafunzi asiteswe kwa njia yoyote. Taifa lilifikia uamuzi huo kwa kuwa mtu mzima aliyekasirika, akiwa na fimbo mkononi na mtoto mbele yake, huweza kupita kiasi. Itakuwaje basi mkono ule ule tulioupokonya fimbo tuukabidhi bastola?

Anayetetea bastola atanijibu kwamba siku adui atakapovamia, mwalimu mwenye silaha ataokoa maisha. Hebu tutazame yaliyotokea kwingine. Mei 2022, katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas, Marekani, kijana mmoja aliwaua watoto 19 na walimu 2 katika shule ya msingi. Askari 376 walifika hapo, wote wakiwa na silaha na mafunzo. Zilipita dakika 77 kabla ya kumkabili na kumuua. Ikiwa askari 376 walikwama mlangoni, tunamtarajia nini mwalimu mmoja mwenye chaki mkono huu na bastola mkono huu, naye amezungukwa na watoto 60 wanaolia?

Pamoja na hayo, baadhi ya majimbo ya Marekani yameendelea kulegeza masharti. Ohio, ambako mahakama ilikuwa imeamua mwaka 2021 kwamba mfanyakazi wa shule anayebeba silaha apate mafunzo ya zaidi ya saa 700, ilipitisha sheria mwaka 2022 kwamba saa 24 zatosha. Tennessee nayo iliwaruhusu walimu mwaka 2024 kubeba bastola zilizofichwa, kwa masharti kadhaa. Na Marekani hiyo hiyo ndiyo nchi ambayo tangu mwaka 2020 bunduki imekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana. Mgonjwa mwenye busara hanywi dawa kwa sababu tu jirani anainywa. Hutazama kwanza hali ya jirani mwenyewe.

Hapa kwetu tuna funzo letu wenyewe, tena la karibu. Siku kumi baada ya mauaji ya Garissa, transfoma ya umeme ililipuka katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni mashambulizi, wakarukia madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama ambapo risasi baridi zilifyatuliwa. Mfanyakazi mmoja aliruka kutoka ghorofani akidhani ni kweli, akafariki. Hakukuwa na adui mahali hapo wala risasi ya kweli. Mlio peke yake uliua. Fikiri basi mlio wa bastola iliyofyatuka kwa bahati mbaya katika shule yenye watoto elfu moja na lango moja jembamba.

Tena tusisahau kinachowaua watoto wetu shuleni mara nyingi zaidi. Ni moto. Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu iliyo karibu na Mazeras hapa Pwani, zaidi ya wasichana 20 waliteketea katika bweni lililofungwa na lenye vyuma madirishani. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 wavulana 21 waliangamia Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Mzazi anayetaka kujua kama shule ya mwanawe ni salama, aende akatazame mlango wa bweni kabla ya kuuliza kama mwalimu ana bastola.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdhulumu jirani yangu. Jioni ile, baada ya kunisikiliza, aliniuliza swali la pili, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Basi Daktari, mimi atanilinda nani?"

Hili ndilo deni tulilo nalo. Nchi ikimwambia mwalimu asibebe silaha, nchi yenyewe imejitwika jukumu la kumlinda. Haiwezi kumzuia kwa mkono mmoja na kumtupa kwa mkono wa pili. Kwa maoni yangu, malipo ya deni hilo ni haya.

Kwanza, mwalimu asipelekwe eneo la hatari kabla ya kuwepo polisi walio karibu na shule na nyumba za walimu, na asafiri kwa msafara wenye ulinzi pale njia inapokuwa na hofu. Silaha ibaki mikononi mwa askari, ambaye anaamriwa, anakaguliwa na anaweza kuulizwa.

Pili, shule iwe na ua, lango linalofungwa, bawabu mwenye simu na si rungu na tochi pekee, na njia ya pili ya kutokea. Mazoezi ya dharura yafanywe, lakini kila mtu aarifiwe mapema.

Tatu, walimu wote wafunzwe huduma ya kwanza, hasa kuzuia damu. Kugandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia mpaka msaada ufike, kumeokoa watu wengi. Ujuzi huo utamfaa mwalimu siku ya ajali ya bodaboda na siku ya mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, si siku ya uvamizi peke yake.

Nne, mwalimu aliyeona kifo au anayeishi kwa hofu apate mshauri wa kuzungumza naye, bila kuitwa mwoga wala mwendawazimu.

Jirani yangu alikwenda Lamu. Hakuomba leseni. Kabla ya kuondoka nilimpima presha, ikawa juu, nikambadilishia dawa na kumsihi asikose kuzimeza. Kila Ijumaa jioni hunipigia simu kunijulisha kwamba juma limepita salama. Siku simu hiyo inapochelewa, nami presha yangu hupanda. Nilimshauri asibebe bastola, na bado naamini nilimshauri vyema. Lakini kila Ijumaa ninapoingojea simu yake, hukumbuka kwamba swali lake la pili bado halijajibiwa na wale wanaopaswa kulijibu.