Kibuyu cha mursik chatufunza ujanja wa viini

Iwapo umewahi kufika katika uwanja wa ndege wa Eldoret siku ambayo wanariadha wetu wanarejea na medali, bila shaka umeona kibuyu kikitolewa, mshindi akipiga funda la mursik na umati ukishangilia. Leo nataka tuchungulie ndani ya kibuyu hicho. Mna jambo humo ambalo, kama ningelifahamu mapema, mwanangu hangeteseka kwa kidonda muda wa wiki mbili.

Ili kutengeneza mursik, maziwa huchemshwa, yakaachwa yapoe, kisha yakamiminwa ndani ya kibuyu ambacho Wakalenjin hukiita sotet. Aghalabu kibuyu chenyewe huwa kimesuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Baada ya siku kadhaa, maziwa huwa yameganda na kuchachuka. Wafanyakazi wakuu wa shughuli hiyo ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo katika maziwa, yaani laktosi, na kutoa asidi ya laktiki. Uchachu huo huvifukuza viini vingi vingine. Wao wenyewe je? Uchachu unapozidi, husukuma asidi nje ya miili yao, mithili ya mtu anayechota maji na kuyamwaga nje ya mashua inayovuja.

Huenda ukauliza, kiumbe asiye na macho, pua wala ubongo hujuaje kwamba mambo yamebadilika? Jibu liko kwenye ngozi yake. Hapo pana protini zinazofanya kazi ya bawabu. Bawabu akigusana na kitu fulani huko nje, hubadilika umbo na kupeleka habari ndani, hadi kwenye jeni, yaani yale maagizo ambayo kiumbe hurithi. Jeni zinazohitajika huwashwa, zisizohitajika huzimwa.

Mwanasayansi Mfaransa, Jacques Monod, aliligundua jambo la kustaajabisha katika miaka ya 1940. Aliwapa bakteria sukari mbili kwa pamoja, glukosi na laktosi. Walikula glukosi kwanza. Ilipokwisha, walitulia kidogo kana kwamba wanafikiri, kisha wakaanza kula laktosi. Mwaka wa 1961, yeye na mwenzake François Jacob walieleza sehemu ya siri yake: bakteria hawatengenezi vifaa vya kula laktosi mpaka watambue kwamba laktosi ipo. Ni kama mama ambaye hawashi jiko la makaa kabla unga haujafika nyumbani. Mwaka wa 1965, wawili hao pamoja na André Lwoff walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Sasa nirudi nyumbani kwangu. Mwanangu aliumia mguu akicheza kandanda. Kabatini mlikuwa na vidonge vya amoksilini nilivyobakisha. Niliagizwa nivimeze siku saba, lakini siku ya tatu nikajiona mzima, nikaviweka. Nikampa mtoto. Nilidhani naokoa pesa. Kidonda kilivimba, kikatunga usaha, na mtoto akashindwa kukanyaga chini. Hatimaye daktari alichukua usaha huo ukapimwe katika maabara. Majibu yalionyesha viini aina ya stafilokokasi ambavyo amoksilini haikuviweza hata kidogo. Alipewa dawa nyingine, akapona.

Nilipouliza, nilielezwa kisa kile kile cha kibuyu. Stafilokokasi wengi wana bawabu anayetambua dawa za jamii ya penisilini. Dawa ikigusa, jeni huwashwa na kimeng'enya hutengenezwa, ambacho huikata dawa hiyo ikawa si kitu. Mtoto alikuwa akimeza, viini vikikatakata!

Ujanja huu si wa jana. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928. Kufikia mwaka wa 1940, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walikuwa wametangaza kupata kimeng'enya kinachoiharibu, kabla dawa yenyewe haijaenea. Mwaka wa 1945, Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel, alionya kwamba dawa ikitumiwa kwa kipimo kisichotosha, viini vitageuka kuwa sugu.

Huwaje sugu? Kiini kikipata chakula na joto la kutosha, kinaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kunakili jeni mara nyingi hivyo, makosa hutokea, na mara moja moja kosa humfaidi mwenyewe. Isitoshe, bakteria hupeana jeni kama majirani wanavyopeana chumvi. Dawa huua walio dhaifu. Walio sugu hubaki na shamba lote.

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini. Vimelea vya malaria viliizoea hata Kenya ikaacha kuitegemea kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998. Kwa upande wa bakteria, watafiti wamekadiria kuwa usugu ulisababisha moja kwa moja vifo zaidi ya milioni 1.2 duniani mwaka wa 2019.

Siwezi kudai kuwa vidonge vyangu ndivyo vilivyozaa usugu ule. Kosa langu lilikuwa kukisia. Nilimpa mtoto dawa ambayo hakuandikiwa, na isiyotosha, huku ugonjwa ukipata nafasi.

Basi, mzazi mwenzangu, na wewe mwanafunzi unayeishi peke yako chumbani, mafua ya kawaida hayaponywi na antibiotiki, kwa hivyo usiziombe. Ukiandikiwa, zimeze kwa kipimo na siku ulizoagizwa, usijikatizie mwenyewe. Usimpe jirani zilizobaki, wala usizihifadhi za kesho. Kinga ni bora kuliko tiba: nawa mikono kwa sabuni, na osha kidonda mara tu mtu anapoumia.

Viini havina ubongo, lakini havipuuzi habari hata moja inayowafikia. Sisi wenye ubongo tusipuuze maagizo ya daktari. Kabati langu sasa halina kidonge kilichobaki. Lako je?

Tukutane Jumapili ijayo.