Gesi Ipimwe Jikoni

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya nyaya kutoka Shume hadi Mkumbara, ili magogo ya mwangati yateremshwe kutoka msituni mpaka kwenye reli ya Usambara. Genge lile refu halikuwazuia, maana mbao zilitakiwa. Leo yatakiwa nishati ipandishwe mlimani ili miti isalie, na safari hii yaonekana kuwa nzito zaidi.

Wataalamu wapo. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Wametokea viongozi ambao kazi yao ya maisha imejengwa juu ya rasilimali hiyo. Dk. James Mataragio, mwanajiolojia aliyeteuliwa mwaka 2014 kuliongoza Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), na baadaye kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati, ni mmoja wao. Viongozi wa namna hiyo hupimwa kwa visima, mikataba na urefu wa mabomba. Kipimo hicho ni halali, ila kimesahau jiko.

Katika shule nyingi za Lushoto jiko ni mafiga na sufuria kubwa, na mtoto huondoka nyumbani na daftari mkono mmoja, ukuni mkono wa pili. Ukuni huo hutoka katika milima ambayo misitu yake, kama ule wa Shagayu unakoanzia mto Umba, ndiyo inayowapa wakulima wa mboga maji. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Agizo ni jema. Lakini aliyetwikwa mzigo ni mwalimu mkuu, asiye na kisima wala bomba.

Hapa pana jambo ambalo hata wasomi hulichanganya. Gesi ya mitungi inayopandishwa kutoka Mombo haitoki Songo Songo. Huletwa na meli kutoka ng'ambo. Bei yake hufuata soko la dunia, na juu yake huongezwa nauli ya kona zote za Soni. Gesi asilia ya nchi ni ya aina nyingine, hupita bombani, na bomba halifiki Usambara. Hufika kwa njia moja tu, nayo ni waya wa umeme, kwa kuwa mitambo inayoendeshwa kwa gesi hiyo imo katika gridi ya Taifa.

Basi shule zipatiwe majiko ya umeme, na umeme wa jiko la shule uwe na bei yake maalumu. Ni kweli umeme hukatika, na hapana budi akiba ya mitungi iwepo. Lakini suala la bei halimo katika uwezo wa afisa elimu wa wilaya, wala wa bwana misitu anayekabiliana na akina mama wenye mizigo ya kuni pembezoni mwa Magamba. Limo mikononi mwa wizara, TANESCO na EWURA.

Siku mkuu wa shirika la nishati atakapopandishwa cheo, na aulizwe ni shule ngapi za milimani zimezima mafiga. Jibu lisiwe hotuba. Iletwe orodha ya shule, jina kwa jina, pamoja na ankara zake za umeme.