Msitutumie Skrini, Tuleteeni Mechi

Tarehe 10 Agosti 2025, Harambee Stars waliipiga Morocco 1-0 pale Kasarani. Ryan Ogam alifunga, Chris Erambo akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi chote cha pili tukacheza watu kumi. Huku Kakamega tuliifuata kwa simu na runinga za vibandani. Bando likikwama, unasikia kibanda cha jirani kikilipuka, unajua kuna kitu wewe utakiona nusu dakika baadaye.

Furaha ile ilikuwa ya kweli, na sina haja na wale wajuaji wa kusema ati CHAN si kitu, ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Si hapo ndipo utamu ulipo? Hao ni vijana wa timu zinazokuja kucheza na Homeboyz.

Ugomvi wangu uko kwingine. Kenya ilipewa viwanja viwili vya CHAN, Kasarani na Nyayo, vyote Nairobi. Tanzania nayo ilikuwa na viwili: Mkapa jijini Dar es Salaam na Amaan kule Zanzibar. Senegal na Nigeria walikutana Amaan, mtu wa Unguja akatoka kwake jioni akaenda kuwaona. Sisi tuko zaidi ya kilomita 300 kutoka Kasarani. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, hesabu pa kulala, halafu uniulize kwa nini nilibaki na simu.

Mtaniambia CAF ina masharti: taa, nyasi, hoteli, hospitali. Sawa. Kwani Amaan ilitimiza masharti kwa maombi? Iliinuliwa ikakarabatiwa, watu wakaamua.

Tena si kwamba tunaomba kufundishwa mpira. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, inapigwa viwanjani Nairobi mpaka watu wameisahau ilikotoka. Na Desemba 2017, Kenya ilipofungua kampeni ya Cecafa kwa kuilaza Rwanda 2-0, mechi ilikuwa hapa hapa Bukhungu. Kombe tukalichukua. Leo bado tunaambiwa ukarabati, ukarabati, hadithi tuliyoanza kuisikia Oparanya akiwa gavana.

Rais aliahidi kila mchezaji wa CHAN shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Wapewe, walistahili. Lakini hela za zawadi zilipatikana haraka ajabu kwa nchi ambayo kila siku haina hela za viwanja.

AFCON ya 2027 inakuja, Kenya, Uganda na Tanzania tena. Serikali ya kaunti na FKF watuambie waziwazi: Bukhungu inakosa nini, nani analipa, na itakamilika mwezi gani? Kama jibu ni hapana, tulisikie sasa, mapema. Na tafadhali, msije mkatuwekea skrini kubwa pale Muliro Gardens mkasema mmetuletea mpira.