Kampuni za Marekani zimerudi nyuma, kifungu cha 7 kipo palepale

Makamanda, Januari 2025 Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp tunazokesha nazo, walitangaza kuachana na programu zao za kuajiri watu wa makundi mbalimbali. Walmart walishaanza Novemba 2024. Tarehe 21 Januari Trump akasaini amri ya kuzibana programu hizo, na siku tatu baadaye Target nao wakafuata. Sasa kuna watu mitandaoni wanatuambia eti "hata Marekani wameachana na hayo mambo," kama vile usawa kazini ulikuwa fasheni ya msimu.

Tuelewane. Kule programu nyingi zilikuwa hiari ya kampuni, na sheria yao ya 1964 inayokataza ubaguzi bado ipo. Hapa kwetu hakuna hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Ulizeni kazini kwenu mpango huo uko wapi, muone watu watakavyotazamana.

Kifungu hicho kinakataza ubaguzi wa kabila, mahali mtu alikotoka, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri. Na maoni ya kisiasa (hapo rudieni kusoma). Umekwenda kuomba kazi, unaulizwa "wewe si ndo wale wa mikutano?", kisha nafasi inajaa ghafla. Hilo ni kosa kisheria, na huhitaji kuwa umeshaajiriwa, maana mwombaji kazi naye analindwa. Tena ukionyesha dalili za awali kwamba umebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri. Yeye ndiye athibitishe kuwa hakubagua.

Binti wa huku Mvumi akipata kazi mjini, mimba ikaonekana, akaambiwa "kapumzike kwanza," watu wanaona kawaida. Siyo kawaida. Ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Na mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu, kwa sheria ya 2010. Wangapi wanafikisha?

Pa kwenda papo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 kufungua mgogoro, malalamiko mengine siku 60. Msikae mkisubiri bosi apoe, siku zinakimbia. Ila kutoka huku hadi Morogoro mjini ni nauli, na aliyefukuzwa jana anaitoa wapi? Hapo ndipo jumuiya yetu ya vijana iingie, na nauli na mtu wa kumsaidia kujaza fomu.

Jambo la pili, viongozi wetu wa wilaya wamwandikie Kamishna wa Kazi kuuliza ni waajiri wangapi wa Kilosa wamesajili mpango. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku 30 kujibu. Barua nimeshaiandaa, inasubiri sahihi.