Uwezo wa Mkulima wa Ufipa Unapimwa kwa Mizani Gani?

Kila ifikapo Oktoba, orodha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu zinapotoka, zipo nyumba katika uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Laela na Matai, ambamo furaha ya kijana kuchaguliwa chuo kikuu hugeuka kuwa kikao cha ukoo. Mkopo umetoka nusu, au haukutoka kabisa. Baba anahesabu magunia.

Ugomvi wa fedha za vyuo vya umma tumeushuhudia kwa miaka mingi, na kwa hakika umekuwa ukiendeshwa juu ya vichwa vya watu hao. Novemba 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vingine waligoma wakidai mkopo wa asilimia 100. Vyuo vikafungwa, nao wakarudishwa makwao. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na nauli ya safari hiyo ililipwa na mzazi. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka, baada ya walimu wao kususia kufundisha kwa madai ya malipo. Wabunge wa upinzani walitaka jambo hilo lijadiliwe, Naibu Spika akakataa, wao wakasusia vikao vyake. Nani alikosea kanuni, tunawaachia wanasheria. Vijana walikuwa wamekwisha kufunga mizigo.

Hatusemi kwamba hazina ya umma haina mwisho. Kumtanguliza mhitaji, kama Bodi ilivyoagizwa na sheria ya mwaka 2004, ni haki. Shauri letu limo katika kipimo cha uhitaji huo. Kijana aliyesomeshwa sekondari ya binafsi kwa hisani ya mfadhili hutakiwa alete uthibitisho wa maandishi, ilhali mfadhili pengine amekwisha kuhama au kufariki. Asipoupata, huhesabiwa kuwa mtoto wa mwenye nacho.

Na liko zito kuliko hilo. Mkulima wa Ufipa hana mshahara. Anayo mahindi, na bei ya mahindi haimo mikononi mwake. Katikati ya mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi kwa hoja ya usalama wa chakula, na bei ikaporomoka katika mikoa inayolima zao hilo, Rukwa ikiwamo. Yaani mkono mmoja wa dola ulishusha thamani ya gunia, na mkono wa pili ukamwambia mwenye gunia hilo kuwa anao uwezo wa kulipa ada! Wazee wa Ufipa, waliozoea kufukia majani katika matuta ya mviringo ili yaoze na kuulisha msimu unaofuata, hawahitaji kuhubiriwa faida ya kutoa kabla ya kuvuna. Kinachowashinda ni hesabu hii.

Yapo yaliyorekebishwa, na insafu yataka tuyataje. Tozo ya asilimia 6, iliyowafanya baadhi ya Waislamu wasite kukopa kwa kuchelea riba, iliondolewa mwaka 2021. Bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 570 mwaka uliofuata. Rukwa nayo imepata tawi la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Lakini makato ya asilimia 15, yaliyopandishwa kutoka 8 mwaka 2016, yangali katika mshahara wa mwalimu kijana, naye ndiye anayetazamiwa kumsomesha mdogo wake.

Oktoba 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwafukuza mamia. Ukali ule hatuutetei, ila papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wanaoshindania mafungu ya vyuo hivi leo, wa pande zote, tungependa kusikia ni yupi ataanza na posho yake.

Na Bodi tunaiomba jambo moja kabla ya Oktoba ijayo: fomu inayouliza kijana amesoma shule gani, iulize pia gunia la mahindi liliuzwa kwa bei gani kijijini kwao msimu uliopita.